Waliohukumiwa kabla ya kupendana: uchague ipi kati ya filamu tatu za Japani ya kale?

Mwezi huu watu wawili wameniuliza swali moja: nataka kuangalia filamu ya zamani ya Kijapani yenye mapenzi na majonzi, nianze na ipi? Niliwajibu kwa mkato, halafu nikabaki na dukuduku, maana jibu la mkato haliwatendei haki wala haliZitendei haki filamu zenyewe. Yapo majina matatu yanayotajwa kila mara, na yote huwekwa kapu moja la "mapenzi ya msiba". Kapu hilo si lao. Filamu moja ina wapendanao waliohukumiwa kifo kabla hawajapendana. Nyingine ina wapendanao ambao penzi lao limeshakuwa deni, na deni lenyewe linalipwa na mtu wa tatu. Ya mwisho haina wapendanao wawili kabisa. Ina mwanamume anayetaka na mwanamke ambaye hakutaka.

Ya kwanza ni Chikamatsu Monogatari ya mwaka 1954, ya mwongozaji Mizoguchi Kenji. Ukiitafuta kwa jina la Kiingereza andika The Crucified Lovers. Ya pili ni Shinju Ten no Amijima ya mwaka 1969, ya Shinoda Masahiro, inayojulikana nje ya Japani kama Double Suicide. Ya tatu ni Jigokumon ya mwaka 1953, ya Kinugasa Teinosuke, yaani Gate of Hell. Majina ya watu nayaandika kama Wajapani wanavyoyaandika, la ukoo likitangulia.

Nitasimulia miisho yake pia. Filamu hizi hazifichi zinakoelekea. Hiyo ya Shinoda hata jina lake limeshakwambia kuwa watu wawili watakufa pamoja. Anayezifurahia hafuati nini kitatokea, anafuata kitatokea vipi.

Osan wa Kyoto

Tuanze na ile ninayoipenda kuliko zote, na sitajifanya sipendelei.

Tuko Kyoto, karne ya 17. Ishun ndiye mwenye idhini ya kuchapa kalenda rasmi, biashara isiyo na mshindani. Duka lina wafanyakazi tele, fedha zinaingia, na mkono wake ni mgumu kama jiwe. Mkewe Osan ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Nyumbani kwa kina Osan kuna madeni, kaka yake anataka fedha za kulipa riba, na mume hatoi kitu. Osan anamweleza shida yake Mohei, fundi hodari kuliko wote dukani. Mohei anajaribu kukopa kwa kutumia muhuri wa bwana wake, mwenzake wa dukani anamgundua, naye Mohei badala ya kumhonga anyamaze anakwenda mwenyewe kwa bwana na kukiri. Otama, mjakazi anayempenda Mohei, anaingilia kati na kusema fedha zilikuwa zinatafutwa kwa ajili yake yeye. Hapo ndipo Ishun anawaka kwelikweli, kwa sababu usiku yeye mwenyewe humnyemelea Otama chumbani kwake.

Osan anaambiwa hayo na Otama. Anaamua kulala mahali pa mjakazi ili amfumanie mumewe kwa macho yake. Lakini anayeingia gizani si mume. Ni Mohei, ametoroka alikofungiwa, amekuja kumshukuru Otama na kumuaga. Wanakutwa humo wawili, mke wa bwana na mfanyakazi wa bwana.

Hakuna kilichotendeka, na hilo ndilo linaloifanya filamu hii isifanane na nyingine. Sheria ya wakati ule ilisema mke akizini na mtumishi, wote wawili watatembezwa mjini juu ya farasi kisha watundikwe msalabani. Mapema tu katika filamu tumeshaonyeshwa msafara wa namna hiyo ukipita, na watu wa duka wametoka nje kutazama. Kwa hiyo Osan na Mohei wanapoikimbia nyumba ile wanajua vizuri wanakimbia nini. Wanakimbia adhabu ya penzi ambalo hawana.

Kisha linakuja Ziwa Biwa. Wameamua kujitosa majini. Mtumbwi uko katikati ya ukungu, huoni pwani wala upeo, maji na mbingu ni rangi moja ya kijivu. Mohei anapiga magoti na kumfunga Osan miguu, taratibu, kama fundi anayefunga mzigo wa thamani. Mama yangu mdogo, niliyekuwa namtafsiria kwa sauti ya chini, aliniuliza kwa nini anamfunga. Nikamwambia ni stara, ili mwanamke asifunuke akishakufa. Akaguna tu. Mohei akamaliza kufunga, akasema kwamba kwa kuwa wanakufa hana tena cha kuogopa: amempenda bibi yake kwa siku nyingi. Osan anamtazama. Uso wake unageuka polepole, na anachosema ni kwamba neno lile limemharibia kufa. Sasa anataka kuishi. Anamkumbatia na mtumbwi unayumba.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini Mohei aliyaficha miaka yote, na yangeendelea kufichika kama asingehukumiwa. Hukumu ndiyo iliyomfungua mdomo. Toka hapo filamu inabadilika: walikuwa wanakimbia kifo, sasa wanakimbilia siku moja zaidi ya kuwa pamoja. Mlimani Osan anateguka mguu. Mohei anaona akimwacha, huenda mumewe akampokea akapona, anateremka mlima kwa siri. Osan anamkimbilia akichechemea, anaanguka, anamwita. Mohei anatoka alikojificha na kuubusu mguu ule ulioumia. Jana yake tu alikuwa hathubutu hata kumtazama usoni.

Kisa hiki kina mzizi wa kweli, kilitokea Kyoto mwaka 1683. Mwandishi Ihara Saikaku alikiweka kitabuni mwaka 1686, na huko wapenzi wanauawa. Mwaka 1715 Chikamatsu Monzaemon akakifanya tamthilia ya wanasesere, akaleta kasisi anayewaokoa dakika ya mwisho. Mizoguchi na mwandishi wake Yoda Yoshikata walikichukua kisa cha Chikamatsu lakini wakaukataa wokovu ule. Pia katika masimulizi ya zamani watu hawa wanajamiiana gizani bila kutambuana. Katika filamu, usiku ule hawagusani. Ni badiliko dogo kwenye karatasi, lakini ndilo lililozaa ile saa ya ziwani.

Mizoguchi aliijua dunia hii kwa karibu. Alipokuwa mtoto familia yake ilianguka kiuchumi, na dada yake Suzu alitolewa nyumbani akaishia kuwa geisha, mwanamke wa kuburudisha wateja. Filamu zake nyingi zinauliza mwanamke anauzwa kwa bei gani na nani anapokea fedha. Hapa pia, fuatilia fedha kabla hujafuatilia mapenzi, utaona kila mtu ana bei isipokuwa wawili.

Osan wa Osaka, na Koharu

Katika filamu ya Shinoda kuna Osan mwingine, asiyehusiana na wa kwanza. Jina tu limefanana, ingawa tamthilia zote mbili zilitoka kwenye kalamu ya Chikamatsu. Hii aliiandika mwaka 1721 kutokana na vifo vya kweli vilivyotokea Amijima, Osaka. Tamthilia za namna hii zilipendwa, na wapenzi halisi wakawa wanaiga, hata serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ikazipiga marufuku katika miaka hiyohiyo ya 1720.

Jihei ni mwuza karatasi, ana mke na watoto wawili, na amezama kwa Koharu, mwanamke wa danguro. Hana fedha za kumkomboa. Tajiri mwingine anazo. Kufikia hapa utadhani unakijua kisa, mume mpotevu na mke anayelia. Subiri. Mkewe Osan ndiye aliyemwandikia Koharu kwa siri akimsihi amwachilie mumewe asije akafa, na Koharu, kwa heshima ya mwanamke mwenzake, akajifanya hampendi tena Jihei. Halafu habari zinakuja kwamba yule tajiri anamnunua Koharu. Osan anaelewa mara moja kwamba Koharu atajiua. Basi mke huyu anafungua makabati, anatoa kimono zake na za watoto ziwekwe rehani, ili mumewe akamkomboe mwanamke wa nje. Anafunga furushi la nguo zake mwenyewe huku akijua kwamba likitoka mlangoni, ndoa yake inatoka nalo.

Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa filamu, na si penzi la Jihei. Jihei ni dhaifu, analialia chini ya blanketi, na kuna wakati nilitamani kuzima. Deni la heshima kati ya wanawake wawili ambao kwa desturi wangechukiana ndilo linalokukaa rohoni. Shinoda amelitambua hilo, ndiyo maana mke na kahaba wanaigizwa na mtu mmoja, Iwashita Shima. Kama Osan ana meno yaliyopakwa weusi na nyusi zilizonyolewa, kama walivyofanya wanawake walioolewa. Kama Koharu ana poda na nywele zilizopambwa. Unaweza kupita robo saa bila kugundua ni uso mmoja.

Lakini ujue unaingia wapi. Filamu inaanza na mafundi wa wanasesere wakipanga vichwa na mikono ya mbao, huku mwongozaji akisikika kwenye simu akijadili mahali pa kupigia picha ya mwisho. Halafu wanasesere wanaondoka, wanaingia waigizaji wa nyama na damu, na wale watu waliovaa nguo nyeusi gubigubi, ambao kazi yao jukwaani ni kuwachezesha wanasesere, hawaondoki. Wanabaki ndani ya filamu. Wanafungua milango, wanasogeza kuta, wanamwonyesha Jihei njia. Kuta na sakafu zimejaa maandishi makubwa ya wino na picha za kuchonga, hakuna nyumba inayofanana na nyumba. Na mwisho, Jihei anapotafuta pa kujinyonga baada ya kumuua Koharu, wao ndio wanaomwandalia. Hawana nia mbaya. Wanamtazama kwa huzuni, lakini hawamzuii.

Muziki ni wa Takemitsu Toru, mchache, mkavu, unaokuja pale usipoutegemea. Jarida la Kinema Junpo liliiweka namba moja kati ya filamu za Kijapani za mwaka huo. Mimi naiheshimu sana, ila sijawahi kumpa mtu kama filamu yake ya kwanza. Ukiwa hujazoea, utakuwa unawatazama wale wenye nguo nyeusi badala ya kumtazama Osan, na Osan ndiye wa kutazamwa.

Neno moja la dhati: filamu hii haiangalii kujiua kutoka mbali. Kama moyo wako ni mzito siku hizi, iache ikusubiri.

Kesa

Jigokumon inakwenda nyuma zaidi, hadi ghasia za mwaka 1159 mjini Kyoto. Katika vurugu, bibi mmoja wa ikulu, Kesa, anakubali kujifanya dada wa mfalme ili kuwapoteza maboya maadui. Samurai Morito anapewa kazi ya kumlinda, na akampenda hapohapo. Vita vinapoisha anaulizwa na mkuu wake anataka zawadi gani. Anamtaka Kesa. Anaambiwa Kesa ni mke wa mtu. Anasema anamtaka hivyohivyo.

Kisa kizima kimo katika hiyo "hivyohivyo". Mume, Wataru, ni mpole, hapandishi sauti, na nyumba yao ina utulivu ambao mtazamaji anauona lakini Morito hauoni. Morito anatisha kwamba ataua, kuanzia shangazi wa Kesa hadi mumewe. Kesa anajifanya amekubali, anampa mpango: njoo usiku, mume wangu atakuwa amelala mahali fulani, muue. Kisha anambembeleza mumewe abadilishane naye mahali pa kulala. Upanga unashuka gizani juu ya mwenye kuupanga.

Ukiziangalia filamu hizi kwa kufuatana, utaona jambo lililonisimamisha. Osan wa Kyoto na Kesa wanafanya kitendo kilekile: mwanamke analala mahali pa mtu mwingine, gizani, akimsubiri mwanamume. Mmoja anapata penzi ambalo hakulitafuta. Mwingine anakufa kulilinda alilonalo. Na mwanamume anayeingia gizani katika filamu zote mbili ni mwigizaji mmoja, Hasegawa Kazuo. Ndani ya kama mwaka mmoja tu alikuwa Morito asiyesikia neno hapana, kisha Mohei asiyethubutu kuomba. Kwa sababu hiyo pekee inafaa kuziona mbili hizi karibukaribu.

Kinachoibeba Jigokumon ni rangi. Ni kati ya filamu za kwanza za rangi za Japani kuonwa duniani, na ilichukua zawadi kuu ya Cannes mwaka 1954, kisha huko Marekani ikapata Oscar ya filamu ya kigeni na nyingine ya mavazi kwa Wada Sanzo. Rangi ya machungwa ya kitambaa, zambarau iliyokolea, kijani cha pazia la mianzi usiku. Kuna mahali Kesa amekaa peke yake akijua saa inakaribia, mwanga wa mwezi uko juu ya kimono, na Kyo Machiko, anayemwigiza, hafanyi lolote zaidi ya kupumua. Rangi zilikuwa zimechujuka kwa miaka hadi zilipofanyiwa ukarabati mwaka 2011, kwa hiyo ukikutana na nakala iliyopauka kama khanga iliyoanikwa juani msimu mzima, iache, tafuta nyingine. Bila rangi hubaki na nusu ya filamu.

Udhaifu wake ni kwamba Morito hakui. Ni mkaidi dakika ya kwanza na mkaidi dakika ya themanini. Mwishoni anamsihi Wataru amuue, Wataru anakataa, maana kumuua hakumrudishi Kesa, naye Morito anakata nywele zake na kushika njia ya utawa. Wataru ndiye aliyenihuzunisha. Anauliza kwa nini mkewe hakumwambia, kwa nini hakumwamini. Hapati jibu.

Basi ipi?

Ukitaka kulia kwa ajili ya wawili, na utoke ukiwa na kitu cha kushika, nenda na Mizoguchi. Inakwenda kama saa moja na dakika arobaini, haichoshi, na hahitajiki mtu kukueleza lolote kuhusu Japani kabla hujaanza. Robo saa ya kwanza ina majina mengi na mahesabu ya fedha, ivumilie. Kamera ya Miyagawa Kazuo inakaa mbali kidogo na watu, haikuletei machozi usoni, kwa hiyo usiiangalie kwenye simu ndogo ndani ya daladala. Muziki wa Hayasaka Fumio una vibao vya mbao na nyuzi za shamisen kama vya jukwaani, na unahitaji chumba kimya.

Ukitaka kuangalia na watu wengi sebuleni, wakiwemo wasiopenda nyeusi na nyeupe, chukua Jigokumon. Ni fupi, kama saa moja na nusu, kisa kinaeleweka haraka, na mjadala utakaofuata kuhusu Morito utakuwa mkali, hasa kama mna mabinti wa rika la kuposwa. Kwa mazungumzo hayo peke yake ningeipendekeza.

Ukiwa umeshaona filamu nyingi na unataka ile itakayokusumbua wiki nzima, hiyo ni ya Shinoda. Iangalie peke yako, ukiwa umepumzika. Na ukiweza, iwe baada ya Mizoguchi, kwa sababu baada ya kumwona Chikamatsu akisimuliwa na watu wanaoonekana huru, utashtuka zaidi kuona mikono inayowachezesha.

Filamu zote tatu nimezikuta na tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini, na kama unaangalia na mzee asiyesoma Kiingereza, ya Mizoguchi ndiyo rahisi kumnong'onezea. Maneno ni machache pale yanapohitajika kuwa machache. Mwisho wake, Osan na Mohei wamefungwa mgongo kwa mgongo juu ya farasi mmoja, wanapitishwa mjini kama wale tuliowaona mwanzo, na watu wa dukani wanasema hawajawahi kuuona uso wa bibi yao ukiwa na furaha namna ile. Mama mdogo hakutaka nimtafsirie hapo. Aliniambia nirudishe nyuma kidogo, akaegemea mbele, akaonyesha kwa kidole: chini ya kamba, mikono yao imeshikana.